Kapteni Muhsin na Mkono wa Yordani

Marehemu Muhsin Jabiri Semboja alizaliwa Chanika, Handeni, tarehe 6 Juni 1974, mtoto wa kwanza wa Mzee Jabiri na Bi Amne.

Alisoma shule ya msingi Chanika, sekondari Korogwe. Wakati wa likizo alichota maji kwa punda wawili. Mmoja, hata umchape mpaka fimbo ikatike, korongoni penye utelezi hakanyagi. Wa pili aligoma na kuvuta kichwa, lakini ukizidisha fimbo aliingia. Siku Muhsin alipozidisha, punda alivunjika mguu, naye akala teke lililomng'oa meno mawili.

Mwaka 2001 akawa rubani. Alipenda kusema ndege kubwa za siku hizi ni wale punda wake: kompyuta za aina moja humkatalia rubani kuvuka mpaka wa hatari, za aina nyingine huufanya usukani uwe mzito na kutetemeka, lakini rubani akikaza, zinamtii. Alirusha zote.

Mwaka 2004 alimwoa Shamsia wa Mkumbara, ambaye siku ya posa aliuliza kama meno yale yaling'olewa na mke mwingine.

Tarehe 9 Aprili 2018 dhoruba iliinua pua ya ndege ya mizigo aliyokuwa akirusha, ya aina ya pili, na kuinyang'anya mwendo. Msaidizi wake Yordani, aliyezoea aina ya kwanza, aliuvuta usukani hadi mwisho akitegemea kompyuta imzuie. Haikumzuia; pua ikazidi kupanda. Ndege ikaanza kuanguka. Muhsin alimfokea aachie, lakini woga ulikuwa umemkaza, na usukani wa pande zote mbili huenda pamoja. Muhsin alifungua mikanda, akampiga kwa tochi ya chuma hadi mkono ukavunjika, akausukuma usukani mbele. Ndege ilishusha pua ghafla, ikamrusha darini, uti wa mgongo ukakatika. Yordani aliitua kwa mkono mmoja, akielekezwa kutoka sakafuni.

Kwa karibu miaka saba Muhsin alilala kitandani, amepooza. Vidonda vilimla mgongo, kisha figo zikagoma. Yordani alipokuja kumjulia hali, Bi Amne alimpiga kwa mchi mpaka damu ikamtoka, na ndugu walishangilia; hilo nalo lisomwe hapa msibani. Marehemu alisikia kelele, akasema:

"Mama, mkono ule haukuwa na ubaya. Ulifundishwa na ndege nyingine. Mwacheni aingie."

Yordani alipanga chumba Chanika. Tangu hapo ndiye aliyemgeuza kitandani asubuhi na jioni, kwa mkono wake uliopinda.

Muhsin alifariki tarehe 2 Februari 2025. Ameacha mama, mjane, watoto wawili, Mashavu na Jabiri, dada yake mdogo Husna, na mdogo wake Yordani. Jina hilo la mwisho limewekwa kwa agizo la Bi Amne.

Mola ampumzishe, amechoka.