Siku Mama Alipokataa Kuketi

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe hata na sisi tunaomsifu tukiwa tumechoka. Mimi ni Mama Chebet, wa hapa Kiptere. Leo nimeomba nafasi, na sitawapotezea wakati, maana miguu yenyewe inauma.

Mnaniona nikiimba hapa kila Jumapili. Lakini mwaka wa tisini na tatu moyo wangu ulikuwa umekauka. Mama mkwe wangu, ambaye watoto wanamwita Kogo, yaani nyanya, alikuwa amepooza upande wa kushoto. Mimi ndiye nilimwogesha, nikamlisha, nikamshika mkono hadi chooni. Asubuhi niko shambani, umande umenilowesha mpaka kiunoni. Saa nne narudi mbio kumgeuza. Halafu tena majani chai, halafu ng'ombe, halafu lori la kuchukua majani limefika na kikapu hakijajaa. Miaka mitatu, ndugu zangu! Mume wangu alikuwa kiwandani kwa zamu, akirudi ni kulala. Sikumwambia mtu nimechoka. Nikiulizwa nasema Mungu ni mwema, kisha naenda kulia nyuma ya boma la ng'ombe.

Mtu aliyechoka hivyo, shetani hana kazi kubwa naye.

Kogo alikuwa na dada yake aliyeolewa zamani upande wa Uganda, huko juu milima ya Elgon, Kapchorwa. Watu wa huko lugha yao tunaisikia vizuri. Kila siku alisema anataka kumwona kabla hajafa. Basi likizo ya Agosti mume wangu akaomba ruhusa kazini, tukasema twende kama familia: sisi wawili, Kogo, na binti yetu Chebet. Watu wakanisifu sana. Hata hapa kanisani niliombewa kama mkamwana mwema, nami nikasema amina. Aibu gani hii!

Maana nilikuwa na mpango wangu. Tungekaa wiki moja, na siku ya kurudi ningesema mama hawezi tena safari, abaki kwa dada yake. Ningerudi bila yeye. Hata mume wangu hakujua. Nilifunga nguo zake zote na blanketi zake zote mbili. Tena nikachukua kibuyu chake cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, pale kwa msumari kinapotundikwa, kwa sababu bila maziwa ya kibuyu hicho Kogo hali kitu. Nilijiambia kwamba huo nao ni upendo.

Tulisafiri siku mbili. Eldoret, Kitale, tukavuka mpaka pale Suam, tukapanda lori la viazi kwenye barabara ya matope matupu. Mahali lori liliposhindwa, mume wangu alimbeba mama yake mgongoni, mimi nikabeba mizigo. Chebet alikuwa anaonyesha maporomoko ya maji kwa kidole. Wanasema mlima ule ni mzuri sana. Mimi sikuuona. Nilikuwa nahesabu siku.

Tukafika. Dada yake akatoka, wakashikana, wakalia. Kiti kikaletwa. Kogo akakataa kuketi. Amesimama mlangoni na fimbo yake, ule mguu mbovu unatetemeka, dada anamvuta, yeye hataki. Alikuwa ananiangalia mimi na ile mizigo mgongoni mwangu, shingo ya kibuyu imechomoza.

"Kibuyu changu kimekuja kufanya nini huku?" akauliza.

Mume wangu akacheka, hakuelewa. Lakini wanawake wote pale walielewa. Kwetu mwanamke haendi kutembelea watu na kibuyu chake. Kibuyu kinahama siku mwenyewe anapohama.

"Siketi," akasema. "Niahidi kwanza."

Ndugu zangu, mnajua bibi harusi wetu anavyosimama mlangoni kwa mume, anakataa kuingia mpaka aahidiwe kitu. Mimi pia nilisimama hivyo. Baba mkwe alikuwa ameshakufa, na nyumba ilikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa. Kogo ndiye alitoka akaniambia, ingia mwanangu, ng'ombe ni wako. Akanipa kweli. Mwaka mzima yeye alikunywa strungi, chai kavu bila maziwa, na mimi nikanywa maziwa. Sasa mama huyo amesimama mlangoni kama bibi harusi, na mwenye kuahidi ni mimi.

Mizigo ikaniponyoka. Nikapiga magoti kwenye matope, nikasema kila kitu mbele ya mume wangu na wenyeji wote. Kisha nikasema, "Mama, tunarudi pamoja. Kibuyu kitarudi kwa msumari wake."

Hapo ndipo akaketi. Nikangoja anilaani. Akanishika kichwa kwa ule mkono mzima.

"Siku ya harusi ulijua kusimama ukaomba," akasema. "Nani alikukataza baadaye?"

Nililia mpaka nikaishiwa nguvu. Bwana alinifungua palepale! Dada yake, ambaye ni mjane, alishuka na sisi akakaa miezi minne akinisaidia. Mume wangu akaomba zamu ya mchana, akajifunza kumlisha mama yake. Na ninyi kina mama wa hapa, nilipowaambia ukweli, mlikuja. Kila Jumanne mnakuja. Sidanganyi, uchovu bado ninao, hata saa hii. Uongo ndio ulioniacha.

Kwa hivyo wewe uliyechoka, usifunge mizigo kwa siri. Simama mlangoni kwa Bwana, mwambie hutaketi mpaka akuahidi. Mwamini, hakasiriki. Halafu waambie na watu wako.

Asanteni kwa kunisikiliza, na asante kwa Mungu. Kogo mwenyewe yuko pale, benchi ya pili, ndiye aliyenituma niseme. Mama, wanataka kukuona. Hapana, usisimame. Umeshasimama vya kutosha. Keti.