Mwalimu Wacera na Swali Lake: "Watakosea Wapi?"

Peris Wacera Mbuthia alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 katika mtaa wa Bahati, Nairobi, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Ndirangu, karani wa baraza la jiji, na mama yetu Nyambura. Sisi wadogo zake alitulea yeye, na ole wake aliyepanda kitandani bila kunawa miguu.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Bahati, kisha sekondari huko Murang'a, akamaliza mwaka 1984. Alirudi mjini akaajiriwa katika kiwanda cha nguo Industrial Area, akawa fundi hodari wa kukata.

Mwaka 1994 chuo kimoja cha ufundi huko Mowlem kilimchukua afundishe ushonaji. Aliingia darasani mikono mitupu, akijiambia kwamba anayejua kushona hashindwi kufundisha. Akawapa wanafunzi vitambaa wakate suruali. Karatasi ya kipimo hugeuzwa kabla ya kukata mguu wa pili, lakini yeye alikuwa amelizoea jambo hilo mno hata hakukumbuka kulitaja. Darasa zima likatoa suruali zenye miguu miwili ya kushoto! Walimu wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka, kwa sababu msichana mmoja, Ndunge, alikuwa amekusanya vitu vyake aende zake.

"Madam, hii kitu mimi siwezi. Kichwa yangu ni ngumu."

"Kichwa chako hakina shida, mama," Wacera akamwambia. "Ni mimi sikujipanga."

Tangu hapo hakuingia darasani bila andalio la somo. Chini ya shabaha, vifaa na hatua za somo, aliongeza sehemu yake mwenyewe: "Watakosea wapi?" Alikaa akalipitia somo kama mtu asiyejua lolote. Andalio hilo lilimwondolea papara na hasira, likampa subira ya kumngoja anayechelewa kushika. Wanafunzi nao walijua wanakoelekea, na kukosea hakukuwatia aibu tena. Walimtania mlangoni: "Niaje Madam, leo tunakosea wapi?" Naye alijibu, "Shika makasi kwanza, utajua." Ndunge alihitimu, na leo anashona sare za shule huko Umoja.

Tarehe 16 Agosti 1997 Wacera alifunga ndoa na Mzee Mbuthia, fundi wa vyuma, katika kanisa la Bahati. Mungu akawajalia Wahome na Shiku. Mzee hutuchekesha kwamba hata siku ya ruracio, sherehe ya kupeleka mahari, bibi harusi alikuwa ameshaandika ni mjomba yupi atakayeongea kupita kiasi. Na kweli aliongea.

Mwezi wa Januari mwaka huu wa 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo. Maumivu yalikuwa makali, lakini kilichomnyima raha ni darasa lake la mwisho, lililokuwa likijiandaa kwa mtihani wa taifa. Mwalimu kijana, Wafula, aliachiwa darasa hilo, akaja nyumbani kuomba maandalio ya zamani.

"Andika yako, kijana wangu," alimwambia. "Yangu niliwaandikia wengine. Hawa unawaona wewe."

Wafula aliandika, akaja kumsomea kila Jumapili kando ya kitanda. Mwanzoni Wacera alimsahihisha sana. Jumapili ya mwisho alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hapo sawa. Hata mimi ningefundishwa hivyo ningeelewa." Tulilia sote, Wafula zaidi yetu. Wacera aliaga dunia usiku huo, tarehe 8 Juni, akiwa na umri wa miaka 59.

Ameacha mume wake, Mzee Mbuthia, watoto, Wahome na Shiku, mjukuu, Kate, na sisi ndugu zake watatu. Nafasi yake haizibiki.

Wengi mmeuliza hapa makaburini Lang'ata mbona wanafunzi wake hawaonekani, na wengine mmenung'unika. Mtihani wa vitendo unaanza kesho asubuhi. Chuo kilitaka kufunga kwa ajili ya mazishi, lakini alikuwa ametuachia neno: asizikwe na mtu anayepaswa kuwa darasani. Saa hii tunapomshusha kaburini, Mwalimu Wafula amesimama mbele yao, nao wanakata vitambaa.

Mwalimu, lala kwa amani. Somo linaendelea.