Bi. Gentrix Muhonja na Umbo la Kamera ya Kumi na Saba

Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, Bi. Gentrix Muhonja anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha utafiti wa msitu, hapa Kakamega, kwa miaka thelathini na mmoja.

Aliajiriwa mwaka 1994 kupanga picha za wanyama kwenye albamu. Aliwajua mbega kwa sura. Aliwahi kumwambia mtafiti mgeni, mbele ya watu, kwamba mbega wake wanne ni wawili tu waliopigwa picha mara mbili. Mgeni alihesabu upya, akafuta wawili.

Kamera za kidijitali zilipofungwa mitini, picha zikawa maelfu kila wiki. Mwaka 2019 tukaletewa programu isiyohitaji kuandika msimbo: unaburuta visanduku kwa kipanya, unaviunganisha kwa mistari, na picha zinapita kutoka kimoja hadi kingine. Sisi tuliosomea kompyuta tuliibeza. Bi. Gentrix, mwenye miaka hamsini na minne, aliunda mtiririko wake kwa siku tatu. Kisanduku cha kwanza kilipokea picha, cha pili kiliondoa rangi, cha tatu kililinganisha ya leo na ya jana, cha mwisho kilichora duara palipobadilika. Kazi ya wiki nzima ikawa ya saa moja.

Machi 2021, kila siku saa tisa na nusu alasiri, mashine ikaanza kuchora duara kwenye picha ya kamera ya kumi na saba, mahali pasipo na kitu. Picha yenyewe ilikuwa majani matupu. Lakini kilichobaki baada ya kulinganisha kilikuwa umbo la mtu mwembamba, bega la kushoto limeinama, ameshika fimbo. Tulimwambia ni hitilafu. Alibomoa mtiririko wote, akauunda upya. Umbo likarudi. Akawa anaifunika skrini kwa leso akienda kunywa chai.

Siku ya ishirini, umbo lilikuwa limeketi.

Alasiri hiyohiyo mama mmoja wa kijiji cha Iguhu, Christine, alifika langoni akilia: baba yake, mzee Cornelius Lusweti, ametoweka tangu juzi. Bi. Gentrix alimuuliza swali moja tu.

“Akitembea, anainamia upande gani?”

“Kushoto,” Christine akajibu. “Na ana fimbo.”

Bi. Gentrix hakungoja ruhusa. Alimchukua askari wa msitu, Wesley, wakaenda moja kwa moja hadi kamera ya kumi na saba. Mzee alikuwa ameketi mbele ya kamera hiyo, mguu umevunjika, yu hai. Wesley husimulia mpaka leo kwamba mzee alimtazama Bi. Gentrix kama mtu anayemfahamu.

“Umechelewa, mama,” alisema. “Nakungojanga hapa kila siku tangu mwezi uliopita.”

Christine anaapa kwamba kabla ya kutoweka, baba yake alilala kitandani wiki tatu, hata uani hakutoka.

Mzee alipona. Bi. Gentrix alichukua likizo ya wiki moja, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka sita, akarudi kazini. Tangu hapo amewafundisha wafanyakazi kumi na mmoja kutumia programu ile, na hakuna tena aliyethubutu kusema ni hitilafu.

Jumatatu wiki hii alikuwa akinikabidhi kazi. Mashine ikachora duara kwenye picha ya kamera ya tisa. Umbo lilikuwa fupi, limebeba mkoba wenye mkanda uliofungwa fundo. Aliutazama mkoba wangu uliokuwa ukining'inia kitini kwa mkanda wake wenye fundo, kisha akanitazama.

“Mitchel, msituni usiende peke yako.”

Halafu akaendelea kunionyesha jinsi ya kuhifadhi faili.

Bi. Gentrix, asante kwa macho yako na kwa uvumilivu wako kwetu. Ukapumzike nyumbani kwa afya na furaha, uyaone maisha mema uliyoyatolea jasho. Ila tafadhali, mama, simu yako usiizime.

Mitchel Osiako, kwa niaba ya wenzako