Yule wa Sinema Alienda Mwenyewe

Benchi la hapa kituo cha basi ni langu mimi Kagwe, na kahawa ni yangu, lakini watu wa Kitale wakishalikalia hujifanya wamelirithi kwa baba zao. Jumapili hiyo, mwaka wa hamsini na moja, walinijia watatu bila hata salamu, wakibishana juu ya sinema ya Wamarekani tuliyoonyeshwa jana yake uwanjani, shuka nyeupe imefungwa kwenye miti miwili. Gicheru tunamwita Mwanasheria, kwa sababu alishtakiwa akajitetea, akashindwa. Mukhisa ni Tarumbeta, na sauti yake haifai karibu na mgonjwa. Wa tatu ni Wepukhulu, tunamwita Kimya. Mkewe Nekesa alirudi kwao Myanga, upande wa Bungoma, wakati wa kupanda mahindi, na sasa tunavuna. Wepukhulu alikuja amevaa koti. Alitaka tumwambie kama apande basi la Bungoma akamrudishe, vile alivyofanya yule mwanaume wa sinema: mke alikasirika akahama, yeye akamfuata, akaimba mlangoni, wakarudi wameshikana mikono.

— Sinema nzuri, bana! alianza Mukhisa. Hiyo mtu anapiga ngazi kwa viatu mpaka ngazi inaitika!

— Viatu sawa, akasema Gicheru. Lakini uongo mwingi. Ati watu arobaini wanatokea barabarani wanacheza, na hakuna mwenye aliwaalika. Muziki inalia, mpigaji haonekani.

— Si wako chini ya barabara? Wazungu wamechimba shimo, wakaweka bendi. Ukipenda mtu tu, wanaanza. Penye wengi hapaharibiki neno.

— Hao arobaini ni mashemeji, nikasema mimi. Wamesikia kuna chakula.

— Kagwe, wewe mimina kahawa, akasema Gicheru. Sikizeni. Kule kwao mtu anakaa mwaka mzima hajabishiwa hodi. Sasa serikali imeandika watu kazi ya kucheza. Ukikaa peke yako sana, unaletewa arobaini.

Tulicheka sisi watatu. Wepukhulu hakucheka.

— Mimi hata wawili wangenitosha, alisema. Jana nilitoka sinema nikabisha hodi kwa nyumba yangu. Na nilijua hakuna mtu.

Masikini! Roho iliniuma. Nilimjazia kikombe bila kuulizwa.

— Basi enda! akapiga kelele Mukhisa. Lakini si peke yako. Kwetu wazee wanatangulia. Hapo ndipo sinema iliharibika: hiyo mtu alienda bila hata mjomba mmoja!

— Hapo ndio ilikuwa tamu, akasema Gicheru. Alienda mwenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Na Kimya ataimba nini, na hata kanisani anafungua mdomo tu? Halafu acheze kwa ngazi! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Myanga kuna ngazi gani wewe?

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja, Lenah wa Naitiri, na kapu lake la vitunguu, akingojea hilo hilo basi. Hatukuwa tumemjali.

— Wazee, mniwie radhi, alisema. Mimi hiyo sinema sikuona. Huyo mwanamke, alikuwa amekasirikia nini?

Mukhisa alimgeukia Gicheru.

— Alikuwa na nguo ya maua, akasema Gicheru.

— Sikuuliza nguo, baba.

— Aliongea mengi akifunga sanduku, akasema Mukhisa, sasa polepole. Lakini hapo ndipo watu walikuwa wanatafuta mahali pa kukaa.

Hata mimi nilijaribu kukumbuka. Wapi! Mama akamgeukia Wepukhulu.

— Na wako, baba? Siku ya kuondoka alisema nini?

Wepukhulu aliangalia ndani ya kikombe.

— Aliongea, alisema. Aliongea tangu jioni mpaka taa ikaisha mafuta. Mimi nilikuwa nangojea anyamaze.

Basi likaja, Lenah akapandisha kapu lake. Wepukhulu aliinuka, akafunga vifungo vya koti, akaenda mpaka mlangoni, akashika chuma. Utingo akamuuliza kama anaenda.

— Naenda Myanga, alisema. Lakini ngoja kwanza nikumbuke.

Basi halikungoja. Kahawa ilipoisha, Gicheru na Mukhisa walienda zao kanisani. Nilikusanya vikombe, nikamwaga majivu. Yeye alibaki kwenye benchi langu na koti lake, midomo inamchezacheza, akitafuta hata neno moja tu la Nekesa.