Mgongo na Lango Namba Nne

Ndugu waombolezaji, majirani zetu, na ninyi wafanyakazi wa uwanja mliokuja na sare zenu, hii ni historia ya marehemu ambaye nyumbani aliitwa Baba na kazini aliitwa Mgongo, na inasomwa na binti yake mkubwa kwa niaba ya familia, ingawa si familia nzima iliyokubali isomwe kama ilivyo. Iliandikwa juzi Jumatano, ikapita mikononi mwa baba mdogo, karani mstaafu, naye akaurudisha ukurasa wa tatu ukiwa umechorwa wino mwekundu kutoka juu hadi chini, akisema, "Unataka kumvua nguo kaka yangu mbele za watu, naye hawezi hata kujifunika?" Ukurasa huo upo na utasomwa. Baba mdogo amekaa pale mbele, mikono kifuani, na binti anamwomba kwa heshima zote amwache amalize, kwa sababu baada yake atasimama meneja wa uwanja, na yako mambo ambayo meneja anapaswa kuyasikia kabla hajafungua kinywa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1955, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi seremala na mkewe. Alianza darasa la kwanza Januari 1963 katika shule iliyokuwa upande wa pili wa reli, akamaliza darasa la saba Novemba 1969, kisha akajifunza uashi kwa miaka miwili, akauacha kwa sababu kila akipanda juu ya ukuta magoti yalimgomea, akaenda kufungasha sabuni kiwandani, kazi aliyoifanya kwa miaka tisa na ambayo hakuwahi kuisimulia, ila alisema tu kwamba ilikuwa na harufu nzuri.

Tarehe 1 Februari 1981 aliajiriwa kuwa mlinzi katika uwanja mkubwa wa mji, akapangiwa Lango Namba Nne, lile dogo la chuma kwenye uzio wa waya unaotenganisha watazamaji na nyasi, na hapo alisimama miaka thelathini na minne na miezi mitano, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2015. Kanuni ya kazi ile ni kwamba mlinzi hutazama watu, hatazami mchezo, kwa hiyo kila mechi na kila tamasha lililopita pale marehemu aliligeuzia mgongo, na ndiyo asili ya jina lake. Mpira aliujua kwa kusoma nyuso, midomo ikiachama bila sauti ni kona, mikono ikienda kichwani mwamba umegongwa, na mtu mzima akimkumbatia asiyemjua basi ni bao. Wenzake walimtania kwamba ndiye mlinda lango pekee duniani aliyefungwa mabao elfu moja bila kuliona hata moja.

Mke naye alimpata kwa njia hiyohiyo. Mwaka 1987 alimwona mwalimu mmoja wa chekechea, aliyekuwa akifumba macho kila penalti ilipopigwa, marehemu akawa analazimika kungoja ayafumbue ndipo ajue matokeo, na baada ya mechi ya tatu au ya nne akamwambia, "Dada, ukiendelea hivi mimi nitakosa mpira kabisa." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Desemba 1988, wakajaliwa watoto wawili, binti tarehe 4 Oktoba 1990 na mvulana tarehe 12 Machi 1994.

Wafanyakazi wa uwanja walikuwa na haki ya nafasi tatu kila shughuli, na marehemu hakuwahi kumpa mtu mwingine nafasi hizo, aliwakalisha mke na watoto safu ya tatu, mbele kabisa ya lango lake, ili mchezo auone kupitia kwao. Mdogo alikuwa na kazi maalumu, bao likiingia anapanda juu ya kiti na kuonyesha kwa vidole namba ya mfungaji, na siku alipofunga mchezaji namba ishirini na mbili alihangaika sana. Kila Agosti, likizo ikifika, walisafiri kwa treni, na Agosti 1999 walikwenda ziwani, wakapoteza sanduku, wakalala wanne kitanda kimoja kwenye nyumba ya wageni, wakacheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta, na asubuhi walipofika ufukweni marehemu alitangulia mbio, akageuka, akayapa maji mgongo ili awaone wanawe wakiona ziwa kwa mara ya kwanza. Hizo ndizo zilizokuwa raha zake, na zilikuwa nyingi kuliko za watu wengi wenye uwezo.

Jumamosi tarehe 21 Juni 2003 palikuwa na tamasha la muziki. Mvua ya saa nane mchana ilikuwa imewalowesha watu, binti akawa anatetemeka, marehemu akavua koti lake la sare, akampitishia juu ya uzio, akamwambia avae. Saa kumi na moja jioni mwimbaji alishuka jukwaani, akasogelea uzio kuwapa watu mikono, na wa nyuma wote wakaja mbele kwa pamoja. Waliokuwa mbele walibanwa kwenye waya mbele ya Lango Namba Nne, miongoni mwao mke wa marehemu akiwa amemwinua mwanawe begani, na binti, mwenye miaka kumi na miwili, ambaye alimwona baba yake amesimama hatua mbili tu kutoka kwake, redio ya upepo mkononi, anamtazama usoni, na lango halifunguki. Lilichukua dakika nne kufunguka. Mpo hapa mnaozijua dakika hizo. Zilipokaribia kwisha marehemu aliingiza mkono kwenye pengo kati ya nguzo na waya, akamshika binti ubavuni, binti akadhani baba sasa anamvuta, kisha mkono ule ukamwachia.

Watu wanane waliumia, hakuna aliyekufa, na ilipochunguzwa ikaonekana kwamba nyuma ya marehemu, mahali ambapo yeye hakuwa akipaona, nyaya za umeme za jukwaa zilikuwa zimelala kwenye madimbwi ya mvua, na umeme ulikatwa dakika ya nne ileile. Uongozi ulitangaza kwamba amri ilitolewa redioni lango lisifunguliwe, na kwamba Mgongo aliitii huku familia yake ikibanwa mbele ya macho yake, na kwamba angefungua mapema watu wangekimbilia kwenye umeme. Alipewa cheti. Mtaa mzima ulimpongeza, naye alikipokea akiwa ameinamisha kichwa, watu wakasema ni unyenyekevu.

Binti yake hakumpongeza. Mkono wake wa kushoto ulivunjika kwenye kiwiko na haukunyooka tena, lakini mkono si kitu, kilichomkaa rohoni ni kwamba baba yake alimtazama na kuisikiliza redio. Tangu siku hiyo hakwenda tena uwanjani, hakwenda tamasha, hakupanda treni ya Agosti, na picha za safari za familia kwa miaka kumi na tisa zina watu watatu. Alimsalimia baba yake shikamoo kila asubuhi, akamwandalia chai, na hakumwambia neno lingine lolote ambalo halikuwa la lazima. Marehemu hakuwahi kumlaumu, na hilo nalo lilimkera.

Novemba 2021 marehemu alianza kuvimba miguu, Januari 2022 madaktari wakathibitisha figo zimechoka, na mwezi Juni akalazwa. Tarehe 4 Julai uongozi wa uwanja uliandika barua kwamba Lango Namba Nne litaitwa kwa jina lake, na Jumapili tarehe 17 Julai, saa nne asubuhi, binti alimpelekea barua hiyo wodini, ghorofa ya pili, kitanda cha dirishani. Hapa ndipo unapoanza ukurasa wa tatu.

Marehemu aliisoma barua, akaikunja, akasema hataki. Binti akapandwa na hasira zake zote za miaka kumi na tisa, akamwambia kwa sauti iliyomfanya muuguzi ageuke, "Hutaki nini? Si sifa hiyo uliyoipata kwa mkono wangu?" Marehemu akasema, "Mwanangu, sikuwa na ufunguo. Ulikuwa mfukoni mwa koti, na koti ulikuwa umelivaa wewe."

Amri aliisikia vizuri na hakuwa na nia ya kuitii, alipopapasa kiuno na mifuko ndipo akakumbuka, akamwita binti yake na hakusikika kwa kelele za spika, akangoja umati umsukume mpaka uzioni, akaingiza mkono, akautoa ufunguo, akafungua. Nyaya hakuziona, alizipa mgongo kama alivyopewa kazi. Alipoulizwa na wachunguzi alinyamaza, kwanza kwa sababu kumvika mtu mwingine sare lilikuwa kosa la kufukuzwa kazi, na hili alilikiri mwenyewe, kwamba aliogopa, na pili kwa sababu wangeuliza aliyekuwa na koti ni nani, na mtoto wa miaka kumi na miwili angekua akijua kwamba watu wanane walivunjika wakati ufunguo uko mfukoni mwake. "Nikaona heri unichukie," alisema. "Chuki ya kwangu ungeiweza. Ile nyingine isingekuacha ulale."

Kwa hiyo, ndugu meneja, kwa heshima ya kiti chako na wema wa uongozi, marehemu hakuwa akitii amri, na kibao ulichokuja nacho kimefunikwa kitambaa kinasema jambo ambalo hakulifanya. Alikuwa amekwisha kuamua kuivunja amri ile kwa ajili ya mkewe na watoto wake, na kama angekuwa na ufunguo pengine leo tungekuwa tunakumbuka maafa. Aliyevaa koti ni huyu anayewasomea. Marehemu alimwomba asimwambie mtu, naye akaitikia kwa kichwa, na leo anaivunja ahadi hiyo mbele yenu, kwa kuwa iliwekwa kumkinga mtoto, na mtoto huyo ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja. Mama alipoelezwa hakulia, alisema tu, "Kumbe ndiyo maana hakuwahi tena kunivika koti lake, hata mvua inyeshe vipi."

Marehemu aliruhusiwa kurudi nyumbani tarehe 1 Agosti, na Jumamosi tarehe 20 Agosti binti alimsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi uwanjani, pamoja na mama na mdogo wake, wakakaa wanne safu moja. Kwa nusu saa marehemu hakujua aangalie wapi, alikuwa akigeukageuka kuwatazama watu wa nyuma, mpaka mama akamshika kidevu na kumwelekeza kwenye nyasi. Kipindi cha pili alilitazama bao likiingia, likakataliwa, na mzee aliyewatuliza watu miaka thelathini na minne akamwambia mwamuzi maneno ambayo hayawezi kusomwa hapa. Binti alicheka hadi mbavu zikamuuma. Walirudi nyumbani wakiimba, na hali yake ilibadilika wiki mbili baadaye, akarudishwa hospitali tarehe 5 Septemba, akafariki dunia Jumanne tarehe 13 Septemba 2022, saa moja na dakika kumi asubuhi, akiwa na miaka sitini na saba, miezi minne na siku nne. Ameacha mjane na watoto wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, hasa muuguzi aliyegeuka siku ya zile kelele, akavuta pazia na kuondoka bila kuuliza. Inawashukuru wafanyakazi wa uwanja waliobeba jeneza, na majirani waliolala hapa nyumbani siku tatu. Inamshukuru baba mdogo, aliyemlinda kaka yake kwa kalamu nyekundu, na asiyestahili kukasirikiwa na mtu.

Shukrani ya mwisho ni ya jirani fundi cherehani, mmoja wa wale wanane, ambaye goti lake halikunjiki hadi leo, na ambaye kila alipomwona marehemu alimwambia, "Mungu akuweke, ulitutoa." Jana asubuhi binti alikwenda kibandani kwake kumweleza habari ya koti kabla hajaisikia hapa, akamweleza akiwa amesimama. Fundi aliendelea kushona mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno, akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa nyuma yako siku ile. Nilitaka kumgusa yule mwimbaji mkono, nikakusukuma kwa nguvu zangu zote, nikasikia mfupa wako ukilia. Nilikuwa namshukuru baba yako kila siku kwa sababu nilishindwa kukuomba wewe radhi."

Wamekwisha kuombana radhi, wote wawili, na leo amekaa pembeni ya mama.

Pumzika sasa kwa amani, Baba, hakuna tena wa kumkinga.