Viti 2,614 Visivyoona Goli: Kumuaga Mama Futi

Leo Ijumaa, tarehe 28, saa kumi kamili jioni, Mama Futi atakabidhi kofia yake ngumu ya njano baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne katika Idara ya Ujenzi ya halmashauri ya jiji letu. Aliingia akiwa karani wa michoro, anatoka akiwa mkaguzi mkuu wa majengo. Nimeombwa niandike maneno machache kwa ajili ya ratiba ya leo. Machache yamenishinda, kwanza kwa kuwa nampenda, na pili kwa kuwa bila yeye nisingekuwa na mume, jambo nitakalolieleza hata kama hamjaniuliza.

Futikamba hatuna haja ya kumwambia airudishe, maana ni yake mwenyewe na ndiyo iliyompa jina. Huitundika kiunoni kama wengine wanavyotundika funguo. Amepima milango ya shule, mifereji, ngazi za zahanati na meza ya Mkurugenzi. Kwenye harusi yetu, wiki tatu zilizopita, alipima ngazi za ukumbi kabla hajaingia, akamwambia mwenye ukumbi kwamba ya nne imezidi zile nyingine kwa sentimita mbili. Mwenye ukumbi akacheka. Shangazi yangu, ambaye alikuwa ameshajikwaa hapo mara mbili, hakucheka.

Tabia hii ya kutoamini macho ya mtu mwingine ina chanzo chake. Katika mwaka wake wa pili wa ukaguzi, Mama Futi alipewa michoro ya jukwaa jipya la uwanja wa zamani wa mpira. Michoro ilikuwa safi, mistari imenyooka, akaipitisha akiwa ofisini na kikombe cha chai mkononi. Jukwaa likajengwa. Siku ya ufunguzi, baba yake, ambaye sasa ni marehemu, alinunua tiketi kwa fahari zote ili akakae kwenye jukwaa lililopitishwa na binti yake. Safu ya N, kiti cha tisa. Mbele ya kiti hicho palikuwa na nguzo ya chuma inayoshikilia paa.

Mzee yule alirudi nyumbani, akavua viatu, akasema, "Mwanangu, nimeitazama nguzo dakika tisini. Imecheza vizuri sana, haikupoteza mpira hata mmoja."

Wengine wangecheka yakaisha. Yeye kesho yake alikwenda uwanjani akakaa kwenye kiti kile, kisha cha jirani yake, kisha safu nzima. Alihesabu viti mia nne vilivyouzwa kwa watu wasioona kitu. Akarudi ofisini, akaandika kanuni ambayo mpaka leo imo kwenye kitabu chetu cha taratibu, na ambayo sisi tunaiita Kanuni ya Kukaa. Inasema hivi: kiti cha watazamaji hakipitishwi kwa mchoro, kinapitishwa kwa kukaliwa. Na afisa yeyote anayetaka kubadili matokeo ya mkaguzi lazima akakikalie kiti hicho yeye mwenyewe, kimoja kimoja, na kuweka sahihi mbele ya namba yake. Wakubwa wa wakati ule waliipitisha bila kuisoma. Nawashukuru kwa uvivu wao.

Sasa nije kwenye uwanja mpya, maana hakuna anayeweza kumuaga Mama Futi bila kuutaja, ingawa kuna watu ndani ya kantini hii wangependa tuutaje haraka haraka.

Mtakumbuka jinsi ulivyoletwa kwetu. Tajiri wa klabu alikuja na mshauri elekezi mwenye viatu vyenye ncha, na ripoti ya kurasa mia mbili yenye picha za familia zinazotabasamu mbele ya jengo ambalo halijajengwa. Jiji litoe kiwanja bure. Jiji likope fedha za ujenzi, lilipe kwa miaka thelathini. Klabu itachukua viingilio, kodi ya vyumba vya vioo vya kutazamia mechi na pesa za mabango. Jiji nalo halikusahauliwa: lilipewa vyoo, taa na paa, ili livitengeneze kila vikiharibika. Wakauita mpango huo ushirikiano. Nikiishi na mume wangu kwa ushirikiano wa namna hiyo, mimi nitapika, nitafua na kulipa kodi ya nyumba, yeye atakula. Namshukuru Mungu nimeolewa na fundi umeme na si na tajiri wa klabu.

Ripoti iliahidi ajira elfu nne. Mama Futi aliisoma yote, akiwa na penseli, na akagundua walivyozipata. Mfagiaji mmoja akifagia mechi kumi na nane za nyumbani, ripoti ilimhesabu kuwa wafagiaji kumi na wanane. Iliahidi pia kwamba biashara ya jiji zima itafufuka kwa vile watu watakula na kunywa uwanjani. Kwenye kikao, mbele ya madiwani, Mama Futi aliinua mkono akauliza, "Huyo atakayekula chipsi uwanjani, jioni akifika mtaani kwake atakula tena? Tumbo analo moja." Mshauri elekezi akasema hilo ni swali zuri sana. Kisha akafungua ukurasa mwingine.

Madiwani wakapiga makofi, mkopo ukachukuliwa, na wauza chai wa barabara inayopita kati ya ofisi zetu na uwanja mpya wakahamishwa ili kupisha eneo la usalama. Mmoja wao, mama aliyetuuzia chai miaka yote niliyokuwa masjala, sasa anauza nyuma ya stendi, mbali na sisi na mbali zaidi na huo ufufuo wa biashara.

Jengo lenyewe ni zuri kwa mtu anayelitazama kutoka angani. Paa limechorwa kama bawa la ndege. Bawa hilo linafunika vyumba vya vioo vya wageni maalumu, na mvua ikinyesha linakusanya maji yake yote kwa ustadi mkubwa na kuyamwaga kwenye safu ya saba ya watu wa tiketi za kawaida. Mbunifu alipoulizwa alisema ndege ni ishara ya uhuru. Safu ya saba watakuwa huru kulowa.

Hapo ndipo Mama Futi alipotimiza kazi kubwa kuliko zote za maisha yake. Bila cheti cha kukamilika chenye sahihi ya mkaguzi, jiji halianzi kulipa mkopo, na kasoro zote zinabaki mikononi mwa mkandarasi. Cheti kikishasainiwa, kasoro zinakuwa mali yetu kwa miaka thelathini. Uwanja una viti elfu thelathini na moja. Walitegemea atakaa kwenye viti kumi, atasifu rangi, atapewa soda. Yeye akaomba watu wanne na ndoo nyekundu sita. Ndoo nne aliziweka kwenye kona za uwanja na mbili ndani ya magoli, moja kila goli. Mtu anakaa, anatafuta ndoo zote sita, anasema "naona" au "sioni". Karani anaandika. Kisha kiti kinachofuata.

Karani nilikuwa mimi. Miongoni mwa waliokuwa wakikaa alikuwamo fundi umeme wa karakana, kijana mrefu, ambaye mpaka wakati ule nilimjua kama mtu anayechelewa kuja kubadilisha taa za masjala. Wiki ya tatu, jukwaa la B, safu ya kumi na nne, alikaa akasema kwa sauti ya chini, "Naona." Nikaandika. Nilipoinua uso kumuuliza kama ndoo ya kona ya mbali ameiona, nikakuta hatazami ndoo. Mama Futi, aliyesimama safu moja juu, alisema, "Karani, futa hiyo. Fundi, kaa upya, safari hii tazama uwanjani." Nilifuta kwenye fomu. Kwingine haikufutika.

Tulimaliza baada ya wiki kumi na moja. Viti elfu mbili mia sita na kumi na nne haviwezi kuona goli la upande wa kusini. Vyote viko jukwaa la D, nyuma na juu ya vyumba vya vioo. Sababu haina fumbo: ili wageni maalumu wapate nafasi ya makochi na friji, vyumba vyao vilisogezwa mbele na ukuta wake ukapandishwa. Mtu wa juu anaona nusu ya uwanja, na nusu nyingine anaona zege.

Majibu waliyompa Mama Futi yanastahili kuhifadhiwa. Kwanza walisema si tatizo, kwa kuwa kuna skrini kubwa. "Skrini ninayo nyumbani," akawajibu, "na choo kiko karibu." Kisha wakasema watu wa tiketi za bei ile hawalalamiki. Kisha, alipoendelea kukataa, wakawa wapole ghafla. Tajiri alikuja mwenyewe ofisini, ghorofa ya pili, chumba kilicho karibu na mashine ya fotokopi, akakaa kwenye kile kiti chetu chenye mguu mfupi na kumwambia kwamba klabu imeamua kumuenzi. Atapewa nafasi mbili kwenye chumba cha vioo maisha yake yote, na jukwaa moja litaitwa kwa jina lake.

Mama Futi aliuliza jukwaa lipi.

Tajiri akasema la D.

"Yaani watu watakaokaa pasipoonekana kitu," akasema Mama Futi, "kila wiki walitukane jina langu?" Akampimia Tajiri mlango ili aone kwamba unatosha kupita.

Baada ya hapo wakaamua kusubiri. Mkurugenzi alisema kwenye korido, na hakujali nani anasikia, "Mama anastaafu tarehe 28. Tarehe 29 naibu wake atasaini." Sitaficha kwamba wiki ile Mama Futi alinyong'onyea. Alikuwa akiingia masjala, anafungua faili la uwanja, anatazama ile nafasi tupu ya sahihi, anafunga. Siku moja aliniambia, "Binti, miaka thelathini na moja, na mwishowe nitaacha nguzo kubwa kuliko ile ya kwanza." Nilienda kulia chooni, na sijalia tena tangu hapo ila siku ya harusi, ambapo nililia kwa furaha tu.

Walichosahau ni ile kanuni iliyopitishwa bila kusomwa. Naibu wake, ambaye ni mtu wa taratibu na anapenda sana cheo chake kipya, alikwenda Jumatatu hii asubuhi kujiandaa mapema. Alibeba fomu za viti 2,614, kalamu mbili na mto wa kukalia. Ndoo tulimpangia sisi. Alianza kiti cha kwanza cha jukwaa la D akiwa amevaa tai. Kufika cha ishirini tai ilikuwa mfukoni. Kila kiti ilibidi akae, atazame, asaini kwamba anaona, na naibu yule, pamoja na udhaifu wake wote, hajawahi kuandika uongo chini ya sahihi yake akiwa amekaa juu ya ushahidi.

Jumanne saa nane mchana alirudi ofisini, akaweka fomu mezani kwa Mama Futi. "Nimekaa viti sitini na tatu," akasema. "Nimeona kuta sitini na tatu. Vilivyobaki kakae mwenyewe huyo Mkurugenzi." Kwenye fomu zote sitini na tatu alikuwa ameandika "sioni", na chini yake sahihi yake, ile ndefu yenye mkia.

Jana mchana barua ilipelekwa kwa mkandarasi ikiwa na sahihi mbili, ya mkaguzi mkuu na ya naibu wake. Ukuta wa vyumba vya vioo ushushwe kwa gharama za aliyeupandisha. Mpaka hapo hakuna cheti, na jiji halilipi hata senti. Mkurugenzi ametuma salamu kwamba hatafika leo kwa sababu ya dharura. Kiti chake tumemtunzia, endapo atabadili mawazo. Kiko nyuma ya nguzo ya kantini.

Kwa niaba ya masjala, karakana, chumba cha michoro na madereva, tunakushukuru, Mama. Umetufundisha kwamba kazi ya mkaguzi ni kwenda kukaa mahali atakapokaa mwananchi, kabla mwananchi hajalipa. Wakubwa wengi wamepita hapa na hawajawahi kukaa popote ila kwenye vikao.

Na sasa zawadi. Ipo chini ya kitambaa cha bluu, hapo mbele. Uwanja wa zamani ulipoanza kubomolewa, mume wangu alikwenda na spana kabla mashine hazijafika upande ule, akafungua boliti nne zilizoshika kutu. Kwa wiki tatu za ndoa yetu ndicho kilikuwa kiti cha pekee sebuleni kwetu, tumekikalia kwa zamu, na hatukuthubutu kukipaka rangi kwa kuwa namba bado inasomeka. Safu ya N, kiti cha tisa.

Kiweke barazani au popote upendapo. Mimi na fundi tulishakuja nacho barazani kwako juzi, kwa ruhusa ya dada yako, tukaweka ndoo nyekundu getini, tukakaa kwa zamu, tukaandika fomu. Imebandikwa chini ya kiti, ina sahihi zetu mbili: naona, naona.

Kaa sasa, Mama yetu. Tunakutakia siku ndefu na njema, na mbele yako pasisimame nguzo yoyote.