Presha ya Mapafu Haipimwi Mkononi

Benchi la kahawa lililo kati ya gereji na kibanda cha fundi cherehani lina daktari wake. Ni mzee mstaafu anayetembea na kipimo cha presha ndani ya mfuko wa plastiki, ndiyo maana wanamwita Mashine. Kabla hujashika kikombe unanyoosha mkono, unabanwa, namba zinasomwa kwa sauti, na benchi zima linatoa hukumu. Hapo ndipo Spana, fundi wa magari, alipomleta mkewe, mwanamke dobi, aliyekuwa akilalamika kuwa pumzi inamkatika akipanda ngazi. Namba zilitoka safi. Benchi likacheka, likasema shemeji anakwepa kazi, na Spana, Mungu amsamehe, akarudi nyumbani na maneno hayo hayo. Leo mke yuko wodini, na kahawa ya Spana inapoa.

— Wamesemaje? aliuliza Mashine.

— Presha. Ya mapafu.

— Acha zako! Si nilimpima mwenyewe hapa, unaona?

— Ya mkononi ni nyingine, mzee. Hii iko kwenye mishipa inayotoa damu kwenye moyo kwenda kwenye mapafu. Imebana. Moyo upande wa kulia unasukuma mpaka unachoka. Ndiyo maana anahema, anapata kizunguzungu, miguu imevimba.

Fundi cherehani, aliyeitwa Ndimu kwa sababu ya ulimi wake mkali, akadakia:

— Pasi ya mkaa hiyo! Mtu anavuta moshi kutwa, unategemea nini?

— Moshi ungemkohoza, alisema Mashine. Ni kukaa ghorofani. Kule juu hewa nyepesi.

— Ghorofa ya tatu, hewa nyepesi? Basi njiwa wangeshakwisha.

— Njiwa wanafua nguo za watu?

— Haya, kama si mkaa ni kulala upande mmoja. Damu yote inahamia huko, inajazana. Mimi mke wangu namgeuza kila usiku.

— Na yeye anakubali?

— Hajui. Amelala.

Siku nyingine Spana angecheka mpaka machozi. Leo alitamani wanyamaze, na papo hapo aliogopa wakinyamaza.

— Daktari anasema ziko za aina nyingi, alisema. Nyingine inaletwa na moyo wenyewe, upande wa kushoto ukiugua. Nyingine mapafu yameharibika. Nyingine damu imeganda ikaziba njia. Kuna ya kurithi, na kuna ambayo hata wao hawaoni chanzo. Yake bado hawajajua ni ipi, na dawa ya hii siyo ya ile.

— Sasa mimi nilikosea wapi? Mashine aliuliza, sauti imeshuka. Namba zilikuwa safi kabisa.

— Hukukosea. Ulipima mkono.

Ndipo mdogo wa mgonjwa akafika kutoka hospitali, anatembea haraka, macho mekundu. Aliwaamkia wote kwa mkupuo mmoja, akamgeukia Spana.

— Shem, daktari kanituma. Dada kawekewa hewa, hawezi kuongea. Wanataka kujua, kuishiwa pumzi kulianza lini?

— Mwezi uliopita.

— Mwezi uliopita miguu ilishavimba, shem. Ni kabla ya hapo.

Spana alirudi nyuma kwa mawazo. Kabla ya kumleta benchini, mkewe alishaanza kuwaomba majirani wampandishie beseni la nguo. Kabla ya majirani, alikuwa akisimama katikati ya ngazi, anajifanya anatafuta ufunguo, naye Spana anampita na kumwambia afanye haraka, ana njaa. Na kabla ya ngazi, mwanamke yule alikuwa akipiga pasi huku anaimba. Siku moja kuimba kukakoma, nyumba ikawa kimya, na Spana akaufurahia utulivu ule.

— Lini, shem? Wanasubiri.

Aliwatazama wenzake. Mashine alikuwa akirudisha kipimo ndani ya mfuko wa plastiki.

— Sijui, alisema Spana. Nalala naye chumba kimoja, na sijui.